Paa lilitakiwa kunipa lita 24,000 kwa mwaka, nimechota ndoo 430 tu. Maji yanaenda wapi?

#1 Tone la Kwanza
Wakuu habari. Naishi jangwani kabisa, mvua milimita 200 kwa mwaka ikijitahidi. Mwaka jana nikavalia njuga hili suala la kuvuna maji ya paa, nikafunga magata ya kukinga maji ukingoni mwa paa pande zote mbili, paipu la inchi mbili, pipa dogo la lita 60 la kutupa maji ya kwanza yenye uchafu wa paa, na tangi la lita 5,000. Hesabu niliyofanya ni ile ya wote, milimita moja kwenye mita mraba moja ni lita moja. Bati langu kila upande ni mita 12 kwa 5, jumla mita mraba 120. Mara 200 napata lita 24,000.

Sasa mwaka umeisha. Kila ndoo ya lita 20 niliyochota nilichora mstari kwa chaki ukutani (wife amenuna mpaka leo kwa ajili ya huo ukuta). Mistari ni 430, yaani lita 8,600. Tangi lilianza tupu na sasa hivi liko tupu. Zile lita 15,000 na ushee zimekwenda wapi? Fundi anasema ni jua. Jirani anasema tangi linavuja. Wajuvi naomba msaada.

#2 mchanga_mkavu
Nimewahi siti ya mbele. Ila mkuu kuchora mistari 430 ukutani, hiyo si nyumba tena hiyo ni selo hahaha

#3 Fundi Mgongo wa Bati
Kosa la kwanza liko kwenye eneo. Mvua inadondoka toka juu, haijali bati lako limelala vipi. Unatakiwa upime kivuli cha paa chini, siyo urefu wa bati. Bati la mita 5 likiwa na mwinuko wa nyuzi 30 linafunika mita 4.3 hivi ardhini. Kwa hiyo paa lako ni kama mita mraba 104. Hesabu mpya lita 20,800. Hapo tayari elfu tatu na kitu hazijapotea popote, hazikuwahi kuwepo.

#4 Tone la Kwanza
#3 dah. Hiyo nimekubali, mwinuko ni kama huohuo. Lakini bado 12,000 mkuu.

#5 Bi Kaskazi
Halafu hakuna paa linalotoa asilimia mia. Kwa bati watu wanapigia hesabu ya asilimia 80, wengine wanapanda mpaka 90. Tukisema 80 unabaki na 16,640. Hiyo ishirini ni yale maji yanayolowanisha bati, yanayorukia nje, na yale unayotupa mwanzo. Vigae na zege ndo kabisa, vinakunywa kwanza vyenyewe.

#6 Jangili Mstaafu
Jua bwana jua. Huku kwetu jangwani maji yaliyo wazi yanaweza kupungua zaidi ya mita mbili kwa mwaka kwa kukauka tu. Fundi wake yuko sahihi.

#7 Fundi Mgongo wa Bati
#6 hayo ni maji yaliyo WAZI mzee, bwawa, lambo, beseni. Tangi la plastiki lenye mfuniko halikaushwi na jua hivyo, mvuke hauna pa kutokea. Labda mwenye uzi atuambie, mfuniko upo?

#8 Tone la Kwanza
Upo. Paka wa jirani analala juu yake kila siku.

#9 Jangili Mstaafu
Mi sikusema tangi, nasema BATI. Mvua za jangwani zinapiga alasiri, bati limeshachomwa toka asubuhi, ukiligusa unaacha ngozi. Matone ya mwanzo yanakaangwa juu kwa juu, unasikia kabisa chwiii. Manyunyu mepesi yanaishia hapo hapo hayafiki hata gatani.

#10 Bi Kaskazi
Sasa hiyo ya #9 ina mantiki, ila imo tayari kwenye ile asilimia 20 niliyotoa, usiihesabu mara mbili.

#11 Jangili Mstaafu
Bibie hiyo asilimia 20 imetengenezwa na watu wenye mvua za kutulia. Sehemu ambayo nusu ya siku za mvua ni manyunyu, asilimia 20 haitoshi. @Tone la Kwanza hebu weka orodha ya mvua zako moja moja.

#12 Tone la Kwanza
Nilizipata kituo cha hali ya hewa. Siku 31 zenye mvua. Siku 14 kati ya hizo ni chini ya milimita 3, zote 14 ukizijumlisha ni milimita 22. Halafu kuna moja ilipiga milimita 60 ndani ya dakika kama 40, usiku. Zilizobaki za kawaida.

#13 chepe_na_sululu
Simama hapo hapo. Milimita 60 kwa mita mraba 104 ni lita 6,240. Tangi lako lita 5,000. Kwani lilikuwa tupu siku hiyo?

#14 Tone la Kwanza
Lilikuwa theluthi hivi.

#15 chepe_na_sululu
Basi mkuu umemwaga lita elfu mbili na zaidi usiku mmoja ukiwa unakoroma. Asubuhi chini ya paipu la kupunguzia, lile la kutolea maji tangi likijaa, hapakuwa na tope?

#16 Tone la Kwanza
Palikuwa na tope kila mahali, si mvua ilinyesha!! Ila sasa ndo nakumbuka palikuwa na kashimo pale chini ya lile paipu na mizizi ya uzio ilikuwa nje. Sikutilia maanani.

#17 mchanga_mkavu
Kesi imeanza kupata ushahidi. Nani akalete karanga.

#18 Fundi Mgongo wa Bati
Na siyo tangi tu. Lita 6,240 kwa dakika 40 ni lita 150 na kitu kila dakika, pande zote mbili zikaingie kwenye paipu MOJA la inchi mbili? Haiwezekani, gata linajaa linamwagika kwa nyuma ukutani. Angalia rangi ya ukuta chini ya fashabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kama ina michirizi ya kahawia umepata jibu. Ungeweka la inchi tatu au nne, na la kupunguzia lisiwe jembamba kuliko la kuingizia. Watu wengi wanaweka la kuingizia inchi nne la kutolea kama mrija wa soda, tangi linatapika kupitia mfuniko.

Weka picha ya gata.

#19 Tone la Kwanza
Nimepandisha picha mbili, ya upande wa mbele na ya nyuma.

#20 Fundi Mgongo wa Bati
Nimeona. Gata la nyuma liko chini mno, toka ncha ya bati mpaka kwenye gata pana karibu kiganja kizima. Mvua ya kawaida itadondokea ndani, mvua kubwa maji yanatoka kwa kasi yanaruka juu ya gata kama mtoto anaruka mfereji. Gata liwe karibu na bati, na ncha ya bati iingie ndani ya gata kidogo. Pia katikati naona limepinda tumbo, kwenye tumbo panatuama maji na majani. Mteremko mdogo tu unatosha, sentimita moja kila mita, lakini uwe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

#21 Bi Kaskazi
Mimi bado sijaamini kama mvua yenyewe ilikuwa 200. Hicho kituo cha hali ya hewa kiko umbali gani?

#22 Tone la Kwanza
Kama kilomita 40.

#23 Bi Kaskazi
Basi tunabishana bure toka asubuhi. Mvua ya jangwani ni wingu moja, inanyesha upande huu wa barabara upande wa pili vumbi. Kwangu nimeshasimama mlangoni naangalia mvua kwa shemeji yangu, nyumba ya tano, sisi hata tone. Milimita 200 ni za kituo, siyo za paa lako. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, liweke mahali pa wazi mbali na ukuta na miti, mvua ikiisha tumbukiza rula. Usitumie chupa iliyobana kiuno itakudanganya.

#24 upepo_wa_kusi
Na upepo jamani hakuna aliyeutaja. Mvua za huku zinakuja zimelala. Upande wa paa unaoangalia upepo unapata mara dufu, ule wa kisogoni unapata makombo. Kama upande wa upepo ndo huohuo wenye gata la kuruka la #20, hesabu imekufa.

#25 Tone la Kwanza
Ndio upande huohuo 😩

#26 Mzee wa Makinga Maji
Nimesoma toka juu nimejizuia nimeshindwa. Nyote mnabishania paa. Mita mraba 104! Kiwanja chako kina mita ngapi? Barabara iliyopita mbele yako je? Jangwani tangi ni dogo siku zote, mwezi mmoja linafurika miezi saba linalia. Ghala kubwa kuliko yote umelikanyaga, ni udongo, halina koki wala fundi.

Pale Tucson, Arizona, Marekani, mvua ni milimita 280 hivi kwa mwaka. Jamaa mmoja Brad Lancaster na ndugu yake wana kiwanja kidogo, sehemu ya nane ya eka, wakihesabu na ukanda wa mbele barabarani wanavuna zaidi ya galoni 100,000 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya lita 378,000. Matangi ni sehemu ndogo tu, nyingi inaingia kwenye mabeseni ya udongo waliyochimba kando ya njia, yenye miti na matandazo. Walikata ukingo wa barabara ili maji ya lami yaingie kwenye miti badala ya kukimbilia mtaroni.

#27 mchanga_mkavu
Walikata ukingo wa barabara ya serikali?? Na hawakufungwa?

#28 Mzee wa Makinga Maji
Mwanzoni ilikuwa haramu, alikata Jumapili wakati maofisa wamelala makwao. Baadaye mji wenyewe ukahalalisha. Na 2008 ukapitisha sheria kwamba majengo mapya ya biashara nusu ya maji ya kumwagilia bustani yatoke kwenye mvua, ikaanza kutumika 2010. Mtaa wao wa Dunbar/Spring wamekuwa wakipanda miti kwa kujitolea toka 1996, imepita elfu moja.

Na huyo Lancaster naye alikwenda kujifunza Afrika, kwa marehemu Zephaniah Phiri Maseko wa Zvishavane, Zimbabwe. Mzee alifukuzwa kazi reli 1964 kwa sababu za siasa, akarudi kwenye kilima chake kikavu akaanza kuangalia mvua inapita wapi. Akajenga vikuta vya mawe juu kule maji yanapoanzia, akachimba mashimo. Lugha yake ilikuwa kwamba yeye anapanda mvua.

#29 Bi Kaskazi
Mzee nakuheshimu, ila Zvishavane si jangwa. Wanapata zaidi ya milimita 500. Jangwa watu wanaanzia chini ya 250.

#30 Mzee wa Makinga Maji
Umenishika mwanangu. Basi chukua jangwa la Negev, Israel. Avdat na Shivta, mvua milimita 100 hivi, nusu ya huyu bwana. Wanabateya, watu wa kale wa jangwani, na waliofuata baada yao walilima pale. Miaka ya 1950 mwishoni mwanasayansi Michael Evenari na wenzake walifufua mashamba mawili ya zamani wakaona siri ni nini, eka moja ya shamba inalishwa na eka 20 mpaka 30 za mlima mtupu. Huvuni mvua iliyoangukia shambani, unavuna ya kilima kizima.

#31 chepe_na_sululu
Na kuna kitu pale kinanivutia, mlima ule waliusafisha mawe kwa makusudi. Ukiondoa mawe udongo mtupu unapigwa na matone, unajifunga uso kama sakafu iliyosiribwa, maji hayazami yanateleza chini. Wengine wanasema mawe yalitolewa kwa sababu nyingine kabisa, sijui mizabibu, ubishi haujaisha mpaka leo. Ila nimejaribu kwangu kwa ndoo mbili za maji. Kwenye udongo mtupu maji yalikimbia mpaka mlangoni, pale penye matandazo ya matawi yalikatika kabla sijageuka.

#32 Tone la Kwanza
Sasa mnanichanganya. Mi nahitaji maji ya NDOO, ya kufulia na kuogea. Mti hautanipa ndoo.

#33 upepo_wa_kusi
#32 hahaha hapo umewaweza. Ila swali, ukimwagilia miti unatumia maji gani?

#34 Tone la Kwanza
Ya tangi.

#35 upepo_wa_kusi
Ndoo ngapi kati ya 430?

#36 Tone la Kwanza
...zaidi ya nusu

#37 mchanga_mkavu
😂😂😂 Mzee wa Makinga Maji njoo uchukue mtu wako

#38 bado_najifunza
Jamani mimi nilichimba hayo mabeseni mwaka juzi, matokeo mbu. Tena wale wa mchana. Mtaa mzima wakanigeuka. Nikashauriwa nimwage mafuta ya taa kidogo.

#39 Bi Kaskazi
Mafuta ya taa kwenye udongo unaolisha mti? Nani huyo alikushauri. Yai la mbu mpaka mbu anayeruka ni wiki moja au siku kumi hivi. Beseni linatakiwa likauke ndani ya siku moja, ikizidi sana tatu. Likikaa zaidi ya hapo umechimba bwawa. Aidha ni la kina kirefu mno au chini kuna tabaka gumu. Wavu ni kwa ajili ya tangi, ziba kila tundu hata la paipu la kupunguzia, mbu wanapenda kupita hapo.

#40 bado_najifunza
Kina ni kiunoni. Na ndio, chini kuna kitu cheupe kigumu kama saruji, sululu inaruka.

#41 Mzee wa Makinga Maji
Hiyo ni tabaka la chokaa, maji hayapiti. Kiunoni ni kaburi hilo kijana, fukia. Kiganja kimoja viwili vinatosha, panua badala ya kushuka. Na mti usiukalishe kwenye kitako cha beseni, uweke pembeni kwenye kibaraza, shina lisioze. Kaa mita tatu toka msingi wa nyumba.

#42 Jangili Mstaafu
Mnapozuia maji barabarani aliye bonde la chini atakunywa nini? Hiki kitu hakuna anayekisema. Kuna majimbo Marekani yalikataza kwa hoja hiyohiyo, Colorado mpaka 2016 ndo wakaruhusu mapipa mawili kwa nyumba, jumla galoni 110. Siyo wote wajinga wale.

#43 chepe_na_sululu
Mjini maji ya barabara yanaenda mtaroni na kufanya mafuriko kwa huyo wa bonde la chini. Umpunguzie mafuriko akushtaki?

#44 Jangili Mstaafu
Mjini sawa. Kijijini mtu wa chini ana lambo lake na anahesabu hayo mafuriko kama chakula. Inategemea unaishi juu au chini.

#45 Mzee wa Makinga Maji
India, Rajasthan kule Alwar, Rajendra Singh na wanavijiji walijenga vizuizi vya udongo kwa maelfu, mto Arvari uliokuwa unakauka ukarudi kutiririka. Wa chini walipata ZAIDI. Akapewa tuzo ya maji ya Stockholm 2015.

#46 Bi Kaskazi
Na Alwar nayo si jangwa mzee wangu 😄 iko 600 hivi. Jangwa la Thar liko magharibi zaidi, na huko wanachimba visima vya duara chini ya ardhi wanaviita taanka, uwanja unaozunguka wanausakafia uteremke katikati. Maji ya kunywa ya familia. Tangi lakini siyo la paa, umeona? Naona hapo ndipo mimi na wewe tunaweza kukutana.

#47 Mzee wa Makinga Maji
Nimekutana.

#48 daktari_wa_mtaro
Samahani kuharibu sherehe. Utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Stockholm 2022 ulionyesha maji ya mvua karibu dunia nzima yana zile kemikali za viwandani zisizooza (PFAS), kwa viwango vilivyozidi vile Marekani iliyokuwa inashauri mwaka huo kwa maji ya kunywa. Kuchemsha hakuziondoi. Msinywe.

#49 mchanga_mkavu
Kuchemsha hakuondoi, na bombani je hazipo?

#50 daktari_wa_mtaro
Zipo pia sehemu nyingi.

#51 mchanga_mkavu
Ahsante daktari umetusaidia sana 😂

#52 Fundi Mgongo wa Bati
Kabla ya hizo za Stockholm, mwenye uzi paka analala juu ya tangi, ndege wanalala juu ya paa. Mavi ya ndege baada ya kiangazi cha miezi sita ndo yatakuua kwanza. Na hapo napata wazo, lile pipa lako la lita 60 unalifungulia wapi?

#53 Tone la Kwanza
Chini kuna koki. Naiacha wazi kidogo lijimwage lenyewe nisisahau.

#54 Fundi Mgongo wa Bati
Kidogo kiasi gani?

#55 Tone la Kwanza
Kama unene wa kalamu.

#56 Fundi Mgongo wa Bati
Lahaula. Mkuu mvua yote inaponyesha pipa linamwaga huku linajazwa, halijai, na lisipojaa tangi halipati kitu! Mvua ndogo zote zimeishia kwenye hiyo kalamu. Inatakiwa idondoke tone tone, siyo itiririke.

#57 Bi Kaskazi
Tundu la kalamu haliwezi kula maji yote hayo kwa mwaka. Mvua zake zinadumu dakika ngapi, nusu saa? Piga hesabu kabla ya kumhukumu.

#58 Fundi Mgongo wa Bati
Nimeshapiga, inaweza.

#59 Bi Kaskazi
Haiwezi.

#60 Jangili Mstaafu
Ni bati la moto. Mtakuja kuniambia.

#61 Tone la Kwanza
Narudi na mrejesho, wiki sita zimepita. Koki nimeibana hadi tone, gata la nyuma nimelipandisha, paipu bado la inchi mbili hela ikipatikana nabadilisha. Kopo la Bi Kaskazi niliweka. Jana imenyesha, kopo linasema milimita 11. Kwa mita 104 ni lita 1,144, nikitoa asilimia ishirini yake ni 915. Pipa lilijaa, ila hizo 60 zimo tayari kwenye hiyo ishirini. Tangi limepanda sentimita 22, nimegawa lita 5,000 kwa urefu wa mita mbili napata lita 25 kila sentimita, hiyo ni 550. Bado kama 365 hazionekani. Kituo cha kilomita 40 kimeandika sifuri siku hiyo hahaha.

#62 upepo_wa_kusi
Upepo ulitoka wapi?

#63 Tone la Kwanza
Mbele safari hii.

#64 chepe_na_sululu
Na tangi lina mbavu na mabega, sentimita ya chini siyo sawa na ya juu, usigawanye tu hivyo. Lijaze ndoo kwa ndoo mara moja uchore alama kwenye fimbo.

#65 Tone la Kwanza
Kuchora tena? Wife yuko hapa anasoma huu uzi.

#66 Jangili Mstaafu
Ilinyesha saa ngapi?

#67 Tone la Kwanza
Saa tisa alasiri, bati lilikuwa linachoma.

#68 Jangili Mstaafu
Sina la kuongeza.

#69 Fundi Mgongo wa Bati
Hebu panda leo jioni ukague pale kwenye kiungo cha katikati cha gata la nyuma, chini ya lile tumbo. Weka beseni kavu hapo chini kabla ya mvua ijayo.

#70 Tone la Kwanza
Nimeweka. Paka amehamia humo.